Mawe Shambani: Yapi Yaachwe, Yapi Yapangwe Kabla ya Mvua

Mwezi wa Septemba ni wakati wa kutayarisha mashamba katika Kaunti ya Makueni. Mvua ya vuli, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo ambayo wakulima wengi wa huku huitegemea zaidi, kwa kuwa ile ya Machi hadi Mei mara nyingi huwa haba. Katika maandalizi hayo, kuna kazi moja inayorudiwa kila mwaka kuanzia miteremko ya Mbooni, Kilungu na Nzaui hadi mashamba ya nyanda za chini: kuokota mawe. Baadhi ya wakulima huyarundika kando ya shamba, wengine huyatupa kwenye korongo, na wengine huyaponda yakawa kokoto na kuwauzia wajenzi.

Somo la toleo hili linahusu mawe hayo. Linaeleza jinsi yanavyosaidia maji ya mvua kuzama ardhini, ni wakati gani hugeuka na kuyazuia, na hatua ambazo mkulima anaweza kuchukua kabla matone ya kwanza hayajaanguka.

Jambo lenyewe si dogo. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye shamba la ekari 1 ni takriban lita 4,000 za maji. Mvua kubwa ya jioni moja yenye milimita 30 huleta takriban lita 120,000 kwenye ekari hiyo. Ikiwa thuluthi moja ya maji hayo itatiririka na kutoka nje ya shamba, mkulima atakuwa amepoteza lita 40,000, yaani matangi manne ya lita 10,000 kila moja. Hiyo ni mvua moja tu, katika msimu ambao huenda ukawa na mvua chache za aina hiyo. Maji hayo pia hayaondoki peke yake, bali hubeba udongo wa juu, ambao ndio wenye mbolea.

MAWE HAYAOTI

Mashambani husemwa mara nyingi kwamba mawe huota. Mkulima huyaokota mwaka huu, na mwaka ujao huyakuta mengine pale pale. Ukweli ni kwamba mawe hayo yalikuwamo ardhini tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba udongo laini uliokuwa juu yake na kati yake umechukuliwa na maji, na yakabaki yaliyo mazito. Plau na jembe pia huyaleta juu mengine kila msimu.

Kwa hiyo shamba ambalo mawe yake yanaonekana kuongezeka ni shamba ambalo udongo wake unapungua. Kiasi cha udongo kinachoondoka si rahisi kukiona kwa macho. Safu ya udongo yenye unene wa milimita 1 tu, ikiondoka kwenye ekari 1, ni zaidi ya tani 5.

Wazee wa Ukambani wanaijua habari hii. Katika miaka ya 1930, wakati Makueni ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, ardhi ya Wakamba ilikuwa imeharibiwa vibaya na mmomonyoko. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilijaribu kupunguza mifugo kwa nguvu, na wananchi wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Baadaye watu walishurutishwa kuchimba matuta, kazi iliyochukiwa kwa sababu ilikuwa ya lazima. Lakini miaka iliyofuata wakulima waliichukua kazi hiyo kuwa yao, wakachimba mitaro ya fanya juu kwa vikundi vya mwethya. Watafiti waliochapisha kitabu kuhusu Machakos mwaka wa 1994 walionyesha kwamba ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka karibu mara sita tangu mapema miaka ya 1930, mmomonyoko ulikuwa umepungua. Udongo unaweza kuokolewa, na hapa petu umewahi kuokolewa kwa mikono ya wenyeji wenyewe.

TONE LA MVUA NA GAMBA LA UDONGO

Ili kufahamu kazi ya jiwe, sharti kwanza kufahamu kazi ya tone. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Likigonga udongo mtupu, huvunja vibonge vidogo vya udongo na kuvirusha huku na huku. Chembe ndogo zinazotokana na kuvunjika huko huingia kwenye matundu ambayo maji yangepitia na kuyaziba. Jua likiwaka, udongo wa juu hukauka na kuwa gamba gumu.

Udongo mwekundu wenye mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi, ambao umeenea sana Ukambani, hushika gamba kwa urahisi. Ndiyo maana baada ya mvua ya kwanza mbegu za ndengu hupata shida kuchomoza, na ndiyo maana mvua ya pili hutiririka hata kama udongo ulio chini ni mkavu. Mkulima akichimba kwa jembe siku inayofuata hukuta unyevu umeingia kidogo tu, ilhali jana yake njia ya ng'ombe ilikuwa imegeuka kijito.

Jiwe lililo juu ya udongo hulipokea tone hilo badala ya udongo. Mahali palipofunikwa na jiwe hapagongwi, matundu yake hubaki wazi, na wadudu na minyoo huendelea kutoboa njia zao chini yake. Kwa maana hiyo jiwe hufanya kazi sawa na majani makavu yanayotandazwa shambani. Tofauti ni kwamba jiwe haliliwi na mchwa wala mbuzi, na halipeperushwi na upepo.

Jiwe pia huhifadhi unyevu baada ya mvua kupita. Jua halipigi udongo ulio chini yake moja kwa moja, na maji yanayotaka kupanda juu na kugeuka mvuke hukosa njia. Mkulima yeyote aliyewahi kupindua jiwe wakati wa kiangazi ameona kwamba chini yake huwa na unyevu, hata pale ambapo pembeni pamekauka kabisa.

JIWE LILILOKAA JUU NA JIWE LILILOZAMA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mawe mawili yenye ukubwa sawa, katika shamba moja, yanaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Yanachotofautiana ni jinsi yalivyokaa.

Jiwe la kwanza limelala juu ya udongo bila kushikwa. Mvua ikilinyeshea, maji huteleza hadi ukingoni mwake na kushuka. Pale ukingoni, udongo uliokingwa na jiwe bado una matundu, kwa hiyo maji huingia chini ya jiwe na kuzama. Shamba lenye mawe mengi ya namna hii hunywa maji zaidi kuliko shamba lililo tupu.

Jiwe la pili limezama. Nusu yake au zaidi imo ndani ya udongo, na gamba limelishika pande zote kama saruji inavyoshika kokoto. Mvua ikilinyeshea, maji huteleza vilevile hadi ukingoni, lakini hapo hukutana na gamba lililofungwa. Hayana pa kuingia. Huungana na maji yaliyoanguka kwenye gamba lenyewe, na mtiririko huwa mkubwa zaidi. Ikiwa mawe yaliyozama yamechukua sehemu 40 kwa kila 100 za uso wa shamba, basi sehemu 60 zilizobaki, ambazo nazo zina gamba, zinatakiwa kunywa mvua yote. Haziwezi.

Hiyo ndiyo sababu wakulima wawili wanaweza kubishana kuhusu mawe na kila mmoja akawa anasema kweli. Mmoja atasema mawe yamemwokolea mahindi, na mwingine atasema mawe ndiyo yanayoleta mafuriko. Wa kwanza ana mawe yaliyokaa juu ya udongo wazi, na wa pili ana mawe yaliyogandia.

Mawe huzama kwa sababu kadhaa. Mifugo ikiachwa kuingia shambani mara tu baada ya mvua, kwato huyakandamiza mawe kwenye tope na kuushindilia udongo. Magari, mikokoteni na njia za watu hufanya vivyo hivyo. Udongo uliokosa samadi na mabaki ya mimea hupoteza vibonge vyake, ukayeyuka kwa urahisi na kuyafunga mawe. Shamba lililoachwa bila kulimwa wala kuota nyasi pia hushika gamba lenye mawe ndani yake.

UKUBWA NA WINGI WA MAWE

Jambo la pili la kuangalia ni wingi. Mawe madogo mengi yaliyotawanyika vizuri huyapunguza maji mwendo, kwa sababu maji hulazimika kupindapinda kati yake. Maji yanayokwenda polepole hupata muda wa kuzama, na hayana nguvu ya kubeba udongo. Upotevu wa udongo hupungua haraka kadiri sehemu iliyofunikwa na mawe inavyoongezeka, na sehemu kubwa ya faida hiyo hupatikana mapema, kabla shamba halijafunikwa lote.

Mawe machache makubwa yaliyosimama mbalimbali ni jambo jingine. Maji yakifika kwenye jiwe kubwa lililo peke yake hugawanyika, yakapita pembeni mwake kwa kasi na kuchimba udongo wa pande zote mbili na wa nyuma yake. Kijifereji kinachoanzia hapo kinaweza kuwa mwanzo wa korongo. Mawe ya namna hiyo hayafai kuachwa yakisimama peke yake kwenye mteremko, bali yatumike kujenga mistari, kama itakavyoelezwa hapa chini.

MAWE YALIYO NDANI YA UDONGO

Kuna pia mawe yasiyoonekana, yaliyochanganyika na udongo hadi kwenye mizizi. Haya yana faida na hasara. Nafasi zilizo kando ya mawe zinaweza kupitisha maji kwenda chini haraka. Lakini jiwe gumu halihifadhi maji ambayo mmea unaweza kuyanywa, kwa hiyo mahali palipo na jiwe ni mahali palipokosa ghala.

Chukua mfano wa udongo mzuri wenye kina cha sentimita 60, unaoweza kuhifadhi milimita 90 za maji kwa ajili ya mimea. Mahindi yanayotoa maua hutumia takriban milimita 5 kwa siku, kwa hiyo akiba hiyo inaweza kuyavusha siku 18 bila mvua. Ikiwa thuluthi moja ya udongo huo ni mawe, akiba inabaki milimita 60, ambazo ni siku 12. Tofauti ya siku 6 katika mwezi wa Desemba inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuvuna na kukosa.

Funzo lake ni kwamba shamba lenye mawe mengi ndani halifai kupandwa kana kwamba ni shamba la udongo mzito. Linahitaji nafasi kubwa zaidi kati ya mimea, samadi ya kutosha, na mazao yanayostahimili ukame kama mtama, ndengu, kunde na mbaazi. Tena udongo mchache uliobaki hapo ni wa kulindwa kuliko wa mahali pengine popote, maana ukiondoka hakuna mwingine chini yake.

SOMO HILO HILO KWENYE MILIMA YETU

Anayetaka kuyaona mambo haya kwa ukubwa ana mifano miwili ndani ya kaunti.

Milima ya Chyulu imetokana na volkano, na mawe yake yamejaa nyufa na matundu. Mvua nyingi hunyesha huko, lakini juu ya milima hakuna mto wa kudumu, kwa sababu maji huzama kati ya mawe karibu papo hapo. Huibuka chini kama chemchemi, zikiwemo za Umani karibu na Kibwezi na zile maarufu za Mzima ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, ambazo maji yake hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Hayo ni mawe yanayokunywa.

Kwenye vilima vya miamba kama Nzaui, hali ni kinyume. Mwamba ni mzima, hauna pa kupenyea maji, na karibu kila tone linaloanguka juu yake hutiririka. Wakazi wa Ukambani wameigeuza hali hiyo kuwa faida kwa kujenga kuta juu ya miamba ili kukinga maji na kuyahifadhi. Lakini pale ambapo hayakukingwa, maji ya mwamba hushuka kwa nguvu na kuyakata mashamba yaliyo chini yake. Mwenye shamba chini ya mwamba ahakikishe kuna mtaro wa kuyapokea maji hayo kabla hayajafika kwenye mazao.

JINSI YA KULIPIMA SHAMBA

Vipimo vitatu vinavyofuata havihitaji fedha. Vinaweza kufanywa na mkulima, na pia na wanafunzi wakiwa na mwalimu wao.

Kipimo cha kwanza ni cha wingi. Chukua kamba yenye urefu wa mita 10 na kuifunga mafundo 50, moja kila baada ya sentimita 20. Inyooshwe shambani, kisha yahesabiwe mafundo yaliyoangukia juu ya jiwe. Hesabu hiyo ikizidishwa mara mbili hutoa asilimia ya uso uliofunikwa na mawe. Mafundo 15 ni asilimia 30. Irudiwe mahali patatu na kupata wastani.

Kipimo cha pili ni cha mkao. Yapinduliwe mawe 10 mahali mbalimbali. Jiwe linaloinuka kwa urahisi, likaacha udongo uliolegea wenye vijishimo vya wadudu, limekaa juu. Jiwe linalohitaji kung'olewa kwa jembe, likaacha shimo laini kama la tofali, limezama. Yakizidi matano yaliyozama, gamba la shamba hilo linahitaji kuvunjwa. Mawe yapinduliwe kwa fimbo au kwa ncha ya jembe, wala si kwa vidole, kwa kuwa nge na nyoka hupenda kulala chini yake.

Kipimo cha tatu ni cha unywaji. Chukua mkebe uliokatwa juu na chini na kuupigilia ardhini kina cha sentimita 5. Mimina maji lita 1 na kuangalia saa. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mkebe huo huo mahali pengine: penye gamba tupu, palipokuwa na jiwe lililokaa juu, na palipotandazwa majani. Muda wa maji kuzama utaonyesha wazi ni mahali gani shamba linakunywa na ni mahali gani linakataa.

LA KUFANYA KABLA YA MVUA

Baada ya vipimo hivyo, kazi ya mawe hugawanyika hivi:

Mawe madogo, yasiyozidi ukubwa wa ngumi na yasiyozuia kupanda wala kupalilia, yaachwe juu ya udongo. Hayo ndiyo kofia ya shamba.

Mawe makubwa yanayokwama kwenye plau au jembe yaokotwe na kupelekwa kwenye mistari ya mawe ndani ya shamba hilo hilo.

Mawe yaliyozama kwenye gamba yalegezwe. Kupalilia mapema baada ya mvua ya kwanza huvunja gamba na kuyaacha mawe yakikaa juu. Samadi na mabaki ya mimea huzuia gamba lisirudi.

Mifugo isiingizwe shambani udongo ukiwa bado tope.

Mawe yasitupwe kwenye korongo ovyo. Maji yakikuta rundo katikati ya korongo huzunguka pembeni na kula kingo, na korongo likapanuka. Kizuizi kinachofaa huingizwa ndani ya kingo zote mbili, na sehemu yake ya katikati huwa chini kuliko pembeni ili maji yapite juu yake bila kugusa kingo. Chini ya mahali maji yanapoangukia hutandikwa mawe ili pasichimbike.

JINSI YA KUPANGA MISTARI YA MAWE

Wakulima wengi wa Makueni wanaifahamu mitaro ya fanya juu, ambayo huchimbwa na udongo wake kurushwa upande wa juu. Mahali ambapo udongo ni wa kina kifupi au una mawe mengi kiasi cha kushindwa kuchimbika, mistari ya mawe huchukua nafasi yake. Njia hii imesaidia sana katika nchi kavu za Afrika Magharibi, hasa mkoa wa Yatenga huko Burkina Faso, ambako kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima walifunzwa kutafuta usawa wa ardhi kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani na kupanga mawe kufuata mstari huo. Nchini Ethiopia, matuta ya mawe ya watu wa Konso yamedumu karne nyingi, na mwaka wa 2011 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tofauti ya mstari wa mawe na tuta la udongo ni kwamba mawe hayazuii maji yote. Huyachuja. Maji hupita polepole kati ya mawe, na udongo yaliyoubeba hubaki upande wa juu. Mwaka baada ya mwaka udongo huo hujikusanya na ardhi huanza kuwa tambarare. Hatua zake ni hizi:

1. Kuanza juu ya shamba. Mstari wa chini ukijengwa kwanza, maji ya shamba zima yataushukia na kuubomoa.

2. Kutafuta usawa. Miti miwili yenye urefu wa takriban mita 2 hufungwa kwa umbo la herufi A, na uzi wenye jiwe dogo huning'inizwa kutoka kileleni. Uzi ukitulia katikati ya mti wa kati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Vijiti hupigiliwa kila miguu inapotulia, na mstari unaopatikana ndio wa kufuatwa. Mstari uliokisiwa kwa macho hudanganya, na maji hukusanyika mahali pa chini yakapasua.

3. Kuchimba msingi wa kina cha sentimita 10 hadi 15 na upana wa sentimita 35 hadi 40 kufuata vijiti. Mawe yaliyowekwa juu ya ardhi bila msingi huchimbwa chini na maji.

4. Kuweka mawe makubwa upande wa chini wa mteremko, kisha madogo upande wa juu na katika nafasi zote zilizobaki. Nafasi kubwa zikiachwa, maji hupita kwa kasi na mstari hauna maana.

5. Kufikisha kimo kisichopungua sentimita 25, na kupinda ncha za mstari kidogo kuelekea juu ili maji yasitorokee pembeni.

6. Kupanda nyasi au mbaazi upande wa juu wa mstari. Mizizi huyashika mawe, na nyasi kama matende na makarikari ni malisho ya ng'ombe.

7. Kukagua baada ya kila mvua kubwa. Jiwe moja lililoondoka lirudishwe siku hiyo hiyo, kwani pengo dogo huwa njia ya maji yote.

Kwenye ardhi yenye mteremko mdogo, unaoshuka mita 1 au 2 kwa kila mita 100, mistari huweza kuachana kwa mita 15. Mteremko ukizidi, mistari husogezwa karibu zaidi. Afisa wa kilimo wa wadi atasaidia kupima mteremko na kuamua nafasi inayofaa.

Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja. Vikundi vya mwethya vimekuwa vikiifanya kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na bado hiyo ndiyo njia nyepesi zaidi, hasa kwa wazee na kwa kina mama wanaolima peke yao.

MAWE YANAPOUZWA, NA UDONGO UNAPOFIKA MTONI

Familia nyingi hupata karo na chakula kwa kuponda kokoto, na hakuna anayeweza kulipuuza jambo hilo. Hata hivyo mwenye shamba la mteremko ana sababu ya kuhesabu kabla ya kuuza. Mawe yaliyo kwenye shamba linalolimwa ndiyo kinga ya udongo wake. Yakiondoka yote, udongo hubaki uchi, na malipo yake hupatikana mara moja tu. Afadhali kokoto zipondwe kutokana na mawe yaliyo nje ya sehemu inayolimwa, na mistari ya shambani ikamilishwe kwanza.

Hasara ya mmomonyoko haiishii kwa mwenye shamba. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwenye mito yetu ya msimu huhifadhi maji katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga mkubwa. Udongo laini wa mashambani ukiingia, huziba nafasi hizo na bwawa likawa na maji machache. Vidimbwi vya kunyweshea mifugo navyo hujaa matope na kuhitaji kuchimbwa upya. Hata Bwawa la Thwake, kwenye makutano ya mito ya Athi na Thwake, litadumu kwa kadiri mashamba yaliyo juu yake yatakavyoshika udongo wake. Mkulima wa Mbooni anayepanga mawe anamlindia maji mtu wa chini asiyemjua.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mawe yakizidi kuonekana, udongo unaondoka.

Jiwe lililokaa juu ya udongo ulio wazi husaidia maji kuzama. Jiwe lililogandia kwenye gamba huongeza mtiririko.

Madogo yaachwe, makubwa yapangwe kwenye mistari ya usawa, na gamba livunjwe.

Mistari ianzie juu ya shamba, iwe na msingi, na ikaguliwe baada ya kila mvua kubwa.

Mkazi anayehitaji kupimiwa mteremko au kuonyeshwa namna ya kutumia fremu ya herufi A anaombwa kufika katika ofisi ya kilimo iliyo karibu naye mapema, kabla ya mvua kuanza. Inafaa majirani waje pamoja, maana maji ya mvua hayajui mpaka wa shamba, na mstari wa mawe unaokatika kwa jirani huyaleta maji yake yote kwa mwenziwe aliye chini.